Kitambaa cha Mafia, Kipande kwa Kipande

Kama kikundi chenu kimeamua kudarizi historia ya Mafia, ushauri wangu ni kwamba msianze na Kua wala Chole, ingawa huko ndiko kila mtu atakakowavuta. Anzeni na Shungimbili. Ni kisiwa kidogo kaskazini-magharibi mwa kisiwa kikuu, hakina kijiji, na pasipo kijiji ugomvi wa nani alitangulia kufika huwa mdogo. Mtajifunza kazi kwenye kipande ambacho kasoro zake hazitamvunjia heshima babu wa mtu. Kua mtaiendea baadaye, mikono ikishazoea sindano na wenyewe kwa wenyewe mkishajua nani husikiliza na nani hupenda kusikilizwa.

Msidhani lakini kwamba pasipo kijiji hapana historia. Visiwa vidogo vya namna hii ndiko wavuvi wanakokwenda dago: hufika na vyombo vyao, husimamisha vibanda vya makuti, huvua, hukausha samaki, na upepo ukigeuka hufungasha. Kasa nao hupanda mchangani kutaga. Mwaka 2007 Serikali iliitangaza Shungimbili kuwa eneo tengefu la bahari, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, na siku hizi kuna nyumba ya kifahari ya wageni, ambao wengi wao wanakijua kisiwa kwa jina la Thanda. Basi tayari mna watu wa namna tatu waliopita juu ya mchanga mmoja, kila mmoja na ruhusa yake. Mabishano ya kwanza kikundini yatakuwa hoteli ishonwe kubwa kiasi gani. Mimi ningeishona sawasawa na kibanda cha dago kilicho pembeni yake. Mwingine atasema hicho ni kijembe. Jadilianeni, kipande cha kwanza ni cha kujifunza kubishana pia.

Mkitaka kwenda kukitazama kisiwa kabla ya kuchora, ombeni ruhusa kwanza kwa wahusika wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Ofisi ya hifadhi ya Mafia iko Utende. Msipopata safari, watafuteni wavuvi waliowahi kulala huko. Mchoro wa mtu aliyekesha akilinda ng'onda wasiliwe na kaa una mengi kuliko picha ya simu.

Umbo mnalo kabatini

Mtu akizungumzia kitambaa cha historia, mara moja hutajwa kile cha Bayeux, Ufaransa: kitani chenye urefu wa karibu mita 70, kilichodariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya 11, kikisimulia jinsi William wa Normandy alivyoivamia Uingereza mwaka 1066. Kitazameni picha yake, kinafaa. Kina ukanda juu na ukanda chini wenye ndege, wanyama na hata ngano za Aesop. Masimulizi yenyewe yako katikati, na maneno machache ya Kilatini humwambia mtazamaji anachokiona. Halafu fungueni kabati mtoe kanga. Pindo kuzunguka, mji katikati, jina la maneno. Mwanamke wa pwani hahitaji kufundishwa na Wanormandi namna ya kupanga kitambaa kinachosema.

Kwa hiyo kila kipande chenu kipangwe kama kanga. Kanga huwa karibu sentimita 150 kwa 110. Ninyi fanyeni 60 kwa 45, uwiano ni karibu uleule na kipande kinaenea mapajani. Vipande kumi na viwili vikiunganishwa kwa upana vitawapa kitambaa cha mita 7 na kidogo, kinachoenea ukutani kwenye ukumbi wowote wa shule.

Kanuni moja ya kushika tangu mwanzo, na ninaisisitiza kwa sababu itawaokoa mara nyingi: mjini wekeni yaliyo na ushahidi, yaani magofu yanayoshikika, nyaraka, au jambo ambalo wazee wa vijiji viwili wanalisimulia kwa namna moja bila kuwa wamekaa pamoja. Pindoni wekeni ngano, visa, makisio na yale ambayo kila nyumba ina lake. Jina ni la kikundi. Ni maneno yenu wenyewe, machache, kwa herufi kubwa.

Jaribuni kanuni hiyo kwenye habari kongwe kabisa. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, uitwao Periplus wa Bahari ya Erithrea, unataja kisiwa cha Menouthias chenye vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, mitumbwi ya gogo moja, watu wanaovua kasa na kutega samaki kwa mitego ya kusuka. Msomaji wa kisiwa cha Jibondo atasema mara moja: madema! Lakini wanazuoni hawajakubaliana kama kisiwa hicho ni Mafia, Pemba au Unguja. Basi Menouthias inakwenda pindoni. Mtepe wenyewe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba ya nazi, chenye tanga la mkeka la pembe nne, unakaa mjini bila wasiwasi, kwa kuwa ulisafiri pwani hii mpaka karne ya 20.

Maneno kabla ya uzi

Tengeni muda wa kusikiliza tu, miezi miwili au mitatu, na sindano zibaki mikebeni. Kikundi kikianza kushona mapema, kinachoshonwa ni kile ambacho kila mtu amekwisha kukiona kwenye kadi za watalii: mnazi, jahazi, jua linazama.

Nendeni wawili wawili kwa wazee. Mmoja aulize, mwingine achore au arekodi kwa simu baada ya kuomba. Msikusanye wazee watano barazani na kuwahoji kwa pamoja. Wa kwanza kusema atawafunga midomo wanne. Na mwulize maswali yanayoshoneka. Mzee akikwambia, "Zamani majahazi yalikuwa mengi, mwanangu," umepata kumbukumbu lakini hujapata kipande. Mwulize: tanga lilikuwa la nini, nguo au mkeka? Lilitiwa rangi au lilikuwa jeupe? Mlipakia mbata kwenye gunia au mlimwaga tu ngamani? Nani alishika usukani, na alikaa au alisimama? Chakula kilipikwa wapi chomboni? Atanyamaza kidogo, kisha atakupa vitu ambavyo hakuna kitabu kilichoviandika.

Kwa akina bibi, maswali ni mengine. Waulize ukindu wa mikeka ulichovywa rangi gani na rangi hiyo ilitoka wapi. Waulize makumbi yalifukiwa ufukoni siku ngapi kabla ya kupondwa na kusokotwa kamba. Mafia ilikuwa nchi ya nazi tangu enzi za mashamba ya Waarabu, na mbata ya huku ilikwenda mbali, lakini wanaosimuliwa ni wenye mashamba. Mikono iliyofua nazi kwenye kifuo haijasimuliwa sana.

Hapo mtafika penye uzito. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na kwenye vijiji vyetu wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa wanazikana na kuozana. Wapo watakaosema jambo hili lisishonwe kabisa. Siafiki. Kitambaa cha Mafia kisichotaja utumwa kitakuwa tangazo la nazi. Ninachoshauri ni kwamba msishone majina ya koo wala sura ya mtu anayeweza kutambulika. Shoneni kazi yenyewe: safu za minazi, kifuo, rundo la makumbi lililo kubwa kuliko nyumba, na kivuli cha mtu aliyeinama. Kipande hiki apewe mwanamke anayekitaka. Asilazimishwe mtu, na asipewe kwa kura.

Kua na Kisimani

Kua ipo kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Chole. Magofu yake, nyumba za mawe na misikiti iliyomezwa na mizizi, mnaweza kuyatembelea na kuyachora. Kisimani ilikuwa upande wa pili, rasi ya magharibi, ni kongwe zaidi, na sehemu yake kubwa imechukuliwa na bahari. Mwanaakiolojia Neville Chittick aliwahi kuchimba mabaki yake. Miaka ya 1820 Kua ilivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) waliokuja kwa mitumbwi, wakaua, wakateka watu, na mji haukuinuka tena. Hayo ni ya mjini.

Halafu kuna kisa. Wengi wenu mmekisikia: watu wa Kisimani walijenga chombo, na siku ya kukishusha majini wakawalaza watoto wa Kua njiani badala ya magogo. Watu wa Kua hawakusema neno. Ikapita miaka, wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawapeleka kwenye ukumbi wa chini ya ardhi, vyakula na ngoma, kisha mmoja mmoja wenyeji wakatoka na mlango ukajengwa kwa mawe. Kisa hiki kiliandikwa tangu wakati wa ukoloni na bado kinasimuliwa.

Nani alianza? Inategemea umeuliza wapi. Ndiyo maana nasema kikae pindoni, kizunguke pande zote nne za kipande cha Kua, bila mwanzo wala mwisho: chombo, watoto, harusi, mlango, kisha tena chombo. Anayetazama aanzie anapotaka. Mjini wekeni magofu na mitumbwi ya Wasakalava, maana huo ndio uharibifu ambao historia inaushuhudia. Nimeona watu wakipendekeza kisa cha harusi kiwe ndicho picha kubwa kwa sababu kinasisimua. Kinasisimua kweli, lakini mtakuwa mmewaambia watoto wa shule kwamba Kua ilikufa kwa laana yake yenyewe, na waliowabeba watu kwenye mitumbwi mmewasahau.

Habari nyingine msizishindie sana. Mwaka 1890 Mafia iliingia mikononi mwa Wajerumani, waliojenga boma Chole na baadaye, mwaka 1913, wakahamishia utawala Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakaiteka, wakaitumia kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga, na Julai 11, 1915 manowari ile ikamalizwa. Kila mwanamume mtakayemwuliza atataka kipande hiki kiwe na meli nne, ndege mbili na moshi. Mpeni ndege moja. Kinachokosekana kwenye vitabu ni kile walichokiona watu wa chini siku mashine yenye mabawa ilipopita juu ya minazi kwa mara ya kwanza, na kama kuna nyumba iliyohifadhi simulizi hiyo, hiyo ndiyo mji wa kipande.

Sura za watu

Shughuli hii imewahi kukwama sehemu nyingine kwa jambo moja ambalo lingetatuliwa kwa kikombe cha kahawa. Wapo Waislamu wengi wasiopenda taswira ya kiumbe chenye roho, na wapo wasioona tatizo. Msisubiri kitambaa kiishe ndipo mwulize. Mpelekeni imamu michoro ya karatasi mapema, tena aende mama anayeheshimiwa na si kijana mwenye simu mkononi. Mkiafikiana kwamba watu wasishonwe, hamjapoteza kitu. Mtu anaweza kuwepo kwa kofia yake, kwa kanga iliyoanikwa, kwa nyayo mchangani, kwa kata iliyoachwa kisimani. Mkiafikiana kwamba watu washonwe bila nyuso, ni njia ya kati ambayo pia inawaepusha na lawama za "mbona umemshona fulani mbaya".

Vifaa

Kitambaa ni marekani nzito, isiyovutika. Inunueni jora moja, msichanganye ya maduka mawili, kwa sababu weupe wake hutofautiana na husinyaa kwa viwango tofauti. Iloweni usiku kucha, ifueni kwa maji ya moto kutoa wanga, anikeni kivulini, pigeni pasi, ndipo mkate. Kateni sentimita 70 kwa 55, ili kila upande ubaki na sentimita 5 za kuunganishia. Pindeni kingo kwa bandi zisichanuke. Kwa kipande cha usiku au cha bahari kuu, kaniki inapendeza kuliko kujaza buluu nzima kwa uzi.

Uzi wa kudarizi huja na nyuzi sita zilizolazwa pamoja. Zitenganisheni: mbili kwa maandishi, tatu kwa michoro. Mnapokata, uzi usizidi dhiraa moja. Mrefu zaidi hujisokota na kuchakaa kabla haujaisha. Kila rangi mpya ipimwe kwanza: lowesheni uzi, ubanieni kwenye kitambaa cheupe, upigieni pasi. Ukiacha doa, huo unachuja. Nyekundu na buluu za bei ya chini ndizo wakosaji wakubwa, na kipande kilichochujiwa hakiponi.

Michoro ichorwe na mkono mmoja. Kule Uskoti, kitambaa chao kikubwa cha historia kilichozinduliwa mwaka 2013 kina vipande 160, kimeshonwa na watu zaidi ya elfu moja, lakini mchoraji alikuwa mmoja, Andrew Crummy, na ndiyo maana kinaonekana kuwa kitu kimoja. Ninyi mtafuteni mwenye mkono mwepesi, pengine ni yule anayechora piko siku za harusi. Yeye achore mji wa vipande vyote. Pindo aachiwe mshonaji mwenyewe, ajaze mambo ya kijiji chake. Kuhamisha mchoro tumieni karatasi ya kaboni au bandikeni kitambaa dirishani mchana juu ya karatasi. Kalamu ya wino ni marufuku: ikiloa inaenea, na hakuna sabuni itakayowasaidia.

Mishono minne inatosha. Mnyororo kwa mistari na kwa kujazia sehemu kubwa, kwa kuwa unakwenda haraka na unashika. Mshono wa kurudi nyuma kwa herufi. Mshono wa kujaza, ule wa nyuzi zilizolala ubavu kwa ubavu, kwa maumbo madogo tu. Ukizidi sentimita moja nyuzi hukwama kwenye kucha na pete. Wa nne ni viua.

Hapa simameni kidogo, maana ndipo pwani inapowazidi wengine wote. Mwanamke aliyewahi kushona kofia ya viua anajua kutoboa tundu dogo kwa sindano nene bila kukata nyuzi za kitambaa, akalizungushia uzi mpaka likawa jicho gumu lisilofumuka. Kofia moja ya mkono huchukua majuma, hata miezi, na ina mamia ya viua hivyo. Mpeni pweza. Mkono wa pweza ulioshonwa kwa mnyororo na kupangwa viua safu mbili, vikubwa shinani na kupungua kuelekea nchani, hauhitaji maelezo. Mpeni na papa potwe, anayeonekana maji ya Kilindoni takriban kati ya Oktoba na Machi. Madoa yake meupe ni kama alama za vidole, watafiti humtambua kila mmoja kwayo. Tafuteni picha ya papa mmoja halisi na mshone madoa yake yalivyo, msiyatawanye ovyo. Huyo atakuwa papa fulani.

Kwa kipande cha mtepe, uzi wa dukani hautoshi. Chukueni kamba nyembamba ya nazi, ilazeni juu ya kitambaa kwenye maungio ya mbao, na muibane kwa mishono midogo ya uzi wa rangi yake kila baada ya upana wa kidole. Lakini iloweni kwanza na kubadilisha maji mpaka yasiwe tena ya kahawia, kisha ikaushwe kabisa. Kamba mbichi ikipata unyevu itaitia marekani madoa ya chai.

Anzeni bila fundo. Acheni mkia wa uzi nyuma, ushoneeni juu; malizeni kwa kupitisha sindano chini ya mishono iliyokwisha. Mafundo huvimba mbele, na kipande kikikunjwa hufunguka.

Kalenda ya maji

Wafadhili wakija watapenda ratiba ya kila Jumamosi. Wakubalieni kwa heshima, kisha pangeni kwa mwezi. Siku za bamvua maji hutoka mbali, na mwanamke wa Jibondo au wa Chole yuko mwambani na pweza wake, au kwenye mwani. Hatakuja, na akija akili yake iko pwani. Siku za maji mafu ndipo mikono inapopatikana. Ukutanisheni kikundi wakati huo, mara mbili kwa mwezi, na kila mmoja aondoke na kazi ya nyumbani. Ramadhani punguzeni. Masika, Machi hadi Mei, marekani haikauki na ukungu huingia, kwa hiyo fueni na kupiga pasi kabla au baada.

Msiahidi chini ya miezi mitatu kwa kipande kimoja, mkiwa wawili mnashonea kipande hicho. Atakayewaambia anaweza kwa wiki mbili ana cherehani nyumbani.

Mkishona vijiji tofauti, wabadilisheni: kipande cha Juani kishonwe kwa sehemu na mtu wa Kilindoni, na kinyume chake. Wala msiogope ukubwa wa kazi. Wanawake wa Hamburg, kijiji cha pwani kule Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, walioanza mradi wa Keiskamma mwaka 2000 pamoja na daktari na msanii Carol Hofmeyr, walidarizi historia ya eneo lao kwa urefu wa mita 120 hivi, nayo ikatundikwa Bungeni Cape Town. Wengi walijifunzia kudarizi humohumo kwenye kazi. Na hawakuishia kwenye vita na walowezi. Mwaka 2005 wakatengeneza kazi nyingine kubwa juu ya Ukimwi na mabibi walioachiwa wajukuu. Nanyi acheni kipande kimoja kitupu kwa ajili ya jambo la zama zenu. Hifadhi ya bahari ya mwaka 1995, ya kwanza nchini, iliyowafurahisha baadhi na kuwakera wengine, ni mgombea mzuri.

Fedha

Kitambaa kikubwa hakiuzwi. Liandikeni hilo kwenye katiba ya kikundi kabla ya mtalii wa kwanza kutaja dola. Mkitaka kipato, shoneni vitu vidogo vya kuuza, kofia, vitambaa vya meza, mikeka yenye pindo la darizi, na sehemu ya faida inunue uzi wa kitambaa kikubwa.

Mkishasajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii mtaambiwa habari za mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha halali na zimesaidia wengi, ila ni mkopo. Kitambaa cha ukutani hakirejeshi shilingi. Kopeni kwa ajili ya vitu vya kuuza tu.

Washonaji walipwe kwa kipande, kiasi kilekile kwa kila kipande, na mchoraji naye alipwe. Nusu mwanzoni, nusu mwishoni, na kila malipo yatiwe saini daftarini mbele ya wawili. Hoteli au mchapishaji akitaka picha za kitambaa kwa kalenda au fulana, aandike, na mkataba uoneshwe kwa COSOTA au kwa mtu anayeijua sheria kabla hamjatia kidole.

Kukitunza

Adui ni chumvi, jua, mende na misumari. Sindano ziwekwe kwenye chupa kavu yenye kifuniko na punje za mchele, vinginevyo kutu itahamia kwenye marekani na doa la kutu halitoki. Kitambaa kilichokamilika kisikunjwe. Kiviringisheni kwenye bomba lililofunikwa kwa kitambaa safi kilichofuliwa, upande wenye picha ukiwa nje, kisha mkifunike kwa shuka. Si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unaobaki ndani huota ukungu. Kila baada ya miezi kadhaa kifunueni kivulini siku ya upepo mkavu.

Cha kutundika, kishoneeni mfuko mrefu upande wa nyuma juu, upitishwe ufito laini, uzito ugawanyike. Msikipigilie. Ukuta usiwe wa kupigwa na jua la jioni wala wa kupokea upepo wa bahari moja kwa moja.

Kila kipande kipigwe picha mbele na nyuma, na mchoro wake wa karatasi uhifadhiwe kwenye nyumba tofauti. Mwaka 2015 kipande kimoja cha kile kitambaa cha Uskoti kiliibwa kikiwa kwenye maonesho, na kwa kuwa mchoro wake ulikuwapo waliweza kuanza kukishona upya. Kwenu sanduku liwe na kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili wa vijiji viwili, na anayekiazima kwa sherehe, hata akiwa mheshimiwa, aandike jina, tarehe ya kurudisha na namba ya simu.